Usianike Kahawa

Jumatatu nilituma ujumbe mmoja
kutoka ofisi ya ushirika, Kyondo:
chumba, mizani, kalenda ya mwaka juzi,
na soketi tunayoigombania watu wanne.
Niliandika, salamu kwanza, kama nilivyolelewa:
hamjambo, watoto hawajambo, mvua je huko juu,
kisha: Usianike kahawa chini. Ianike kwenye kichanja.
Nikachora punje juu ya udongo,
nikazichapa kosa jekundu kama la mwalimu.
Nikarekodi kwa Lukonzo, dirisha wazi,
dakika moja na nusu pamoja na mafua yangu.

Herufi, jicho, sikio: vyote safari moja.
Nikabonyeza. Nikajiona nimelisha
watu mia mbili kwa kijiko kimoja.

Ujumbe ukapanda mlima kama wapandavyo watu,
kila mmoja na pumzi zake.

Kwa Thembo, mwenye simu pana kama sinia,
ulifika mzima. Akaikuza picha kwa vidole viwili,
akahesabu miguu ya kichanja, akasema
wa nne umechorwa mfupi, kitayumba.
Sauti hakuigusa. "Nimeshaona," alisema.
Na ndani ya sauti ndimo nilimosema
funikeni jioni.
Umande ukamfikia kabla ya sikio lake.

Kwa Kabugho, kioo cha kijivu,
ufa kutoka pembe hadi pembe,
kosa langu lilipoteza wekundu, likawa msalaba.
Akafunga kitenge cha msibani,
akashuka saa mbili nzima kuja kuuliza
ni nani ametutoka.

Masereka haoni tangu surua ya utotoni.
Simu yake humsomea, kwa kinywa cha mwanamke
ambaye Kiswahili hajawahi kukila wala kukinywa:
u-sia-naiki ka-hawa.
Picha ilipofika, mwanamke yule alitamka "picha",
akanyamaza, kama aliyeona jambo la aibu.
Lakini sauti yangu aliirudia mara tatu.
Akasikia mafua. Akasikia jogoo wa Ithungu nyuma ya ukuta,
akajua nilirekodi kabla ya chai.
Kahawa yake alifunika.
Kesho yake mwanawe akaniletea tangawizi.

Na Mbambu.
Mbambu ana kitochi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Picha haikumfika. Sauti haikumfika.
Maandishi yalimfika nusu,
maana salamu zangu zilikula nafasi,
mtandao ukakata pale ulipochoka:
Usianike kahawa.
Nukta nimeiweka mimi hapa; kule palikuwa patupu.

Yeye, mtiifu kuliko sisi sote,
akaizoa mbichi uani, akafunga magunia manne,
akayapanga kitandani kwa marehemu mumewe,
akangoja maelezo.

Nilifika Ijumaa. Nikaweka kiganja juu ya gunia:
lilikuwa na joto la mgonjwa.
Harufu sitaisimulia.
Hakunigombeza. Alinipa kitochi nisome mwenyewe,
na kikatetemeka mkononi mwangu, saa ileile,
kikileta nusu ya pili, imechelewa siku nne,
neno la kwanza limesimama peke yake mlangoni:
chini.

Tulilitazama wote wawili.
"Si ungenipigia," alisema.
"Nitie maneno sikioni. Picha nitajichorea."

Gunia moja nililinunua kwa mshahara wangu.
Liko nyumbani, nyuma ya mlango, silifungui wala silitupi.

Leo ni Jumatatu tena, zamu yangu ya soketi.
Nimempigia Mbambu kwanza; tumeongea mbolea na meno.
Kisha nimeandika:
Chini pabaya. Kichanjani pazuri. Jioni funikeni.
Picha nimeichora kwa mkaa, bila rangi ya kutegemea.
Dirisha nimeliacha wazi, jogoo aingie.
Hamjambo nimeiweka mwisho kabisa.
Ikikatwa, wapenzi, mnisamehe:
niliwasalimu.